Jiko la Kalamu ya Kijani

Siku uvumilivu wangu ulipokatika sikupiga kelele. Nilifungua kifuniko cha ile mashine kubwa ya kuchapa michoro, nikatoa kalamu zake moja baada ya nyingine, nikazifunga kwenye pembe ya kitenge kama karanga. Nilibakiza moja tu, ya kijani. Enjenyeri Kashindi alikuwa amenipa mgongo, akiwaelezea wageni wa shirika uzuri wa nyumba tulizowachorea wajane wa kambi ya Dzaleka. Bila kugeuka alisema, “Mama Riziki, chapa.” Nikachapa.

Karatasi iliingia, ikatoka, ikaingia tena. Mkono wa mashine ulikimbia huku na huku ukichora kuta zisizo na wino, milango isiyo na wino, madirisha vilevile. Wageni walitazama kwa heshima, wakidhani ndivyo mashine inavyojiandaa. Halafu mkono ukachukua kalamu ya kijani. Karatasi ilipotoka mara ya mwisho, juu yake hapakuwa na nyumba hata moja. Palikuwa na majiko matupu, yamejipanga safu moja katikati ya weupe, kila jiko na kinu chake.

Nitarudi kwenye karatasi hiyo. Kwanza niseme ninamwandikia nani. Ninawaandikia ninyi wadogo zangu wawili mnaofundishwa sasa na Bwana Mbewe kwenye kiti nilichokuwa nakalia, maana ameniletea ujumbe niwaachie maneno ya kazi kabla sijayasahau. Watu hustaafu na mvi kichwani. Mimi nimestaafu na maziwa kifuani. Mume wangu, ambaye ni fundi cherehani na hapendi maneno makubwa, aliniuliza kama nimefukuzwa. Nikamwambia nimestaafu. Akasema basi pensheni yangu iko kwenye sufuria, nikaangalie kama imeiva. Habari za cheo na mshahara sitaziandika. Cheo sikupewa, na mshahara haukunenepesha mtu.

Kuchora nilianzia kwetu, Uvira. Nilikuwa nimemaliza sekondari, upande wa ujenzi, ambako wasichana tulikuwa wachache hata mwalimu alituita kwa majina na wavulana akawaita kwa kupiga meza. Nikaingia ofisi ndogo iliyochora madarasa na nyumba za walimu. Aliyenipokea alikuwa mchoraji tuliyemwita Papa Anselmi, mtu mnene, mpole, mwenye wino kwenye kucha zote. Siku ya kwanza hakunipa kalamu. Alinipa wembe.

Tulichora kwa wino juu ya kalka, ile karatasi ngumu inayoonyesha kilicho chini yake. Kosa la wino kwenye kalka halifutiki kwa raba. Unalikwangua kwa wembe, polepole, kama mtu anayetoa ukoko kwenye sufuria bila kuitoboa. Nilikwangua makosa ya wengine muda mrefu kabla sijaruhusiwa kufanya ya kwangu. Nikimaliza, Papa Anselmi aliinua kalka dirishani na kunionyesha mahali nilipopita: hata ukwangue kwa ustadi gani, mwanga unapaona. “Karatasi haisahau, binti,” alikuwa akisema. “Njo maana tunafikiri mbele ya kuchora.” Wakati ule nilidhani anabana matumizi ya nyembe tu.

Kisha fujo zikatuhamisha. Njia ya kutoka Uvira mpaka Dzaleka sitaisimulia. Si kazi, na hizi ni kumbukumbu za kazi. Nilifika na mume, na mimba, na rula ya pembetatu iliyovunjika ncha moja. Rula hiyo ninayo mpaka leo na bado inakata pembe mraba, ncha zilizobaki zinatosha.

Enjenyeri Kashindi nilikutana naye palepale kambini. Naye ni mkimbizi kama sisi, amesoma Lubumbashi, na shirika moja lilikuwa limemchukua awachoree wajane nyumba ndogo za matofali, ukingoni mwa kambi. Alikuwa anatafuta mtu wa kumsaidia. Watu wa Fizi pale kambini walikuwa wananitumia kupanga kanisa lao, nami nilikuwa nimelichora kwa mkaa juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, nikaigongomea kwenye nguzo. Akauliza nani amechora. Wakaninyooshea kidole. Alinitazama tumbo, akatazama karatasi, akarudi kwenye tumbo.

“Uyu? Na tumbo hii yote?”

“Tumbo haichore, Enjenyeri,” nikamwambia. “Mukono njo inachora.”

Watu wakacheka, naye akacheka, na wiki iliyofuata nilikuwa Lilongwe. Hilo sitamnyima. Yeye ndiye aliyenifungulia mlango, na hakuniuliza nitajifungua lini.

Ofisi ilikuwa City Centre, juu ghorofani. Mimi nililala mtaa wa Chilinde kwa wifi yangu siku za kazi, na Ijumaa nilipanda matola, yale magari ya mizigo yanayobeba watu, nikarudi Dzaleka. Mwalimu wangu wa kompyuta alikuwa Bwana Mbewe, mnayemjua. Ujana wake alifanya kazi Mbeya, kwa hiyo Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, ila mimi aliniita amayi, yaani mama, kwa Kichewa chake, na mimi nikamwita bambo, yaani bwana. Tulielewana.

Siku ya kwanza aliniketisha mbele ya kioo cheusi chenye mistari ya rangi na kuniambia nichore chumba cha mita nne. Nikaandika nne. Hakikuonekana kitu. Nikaandika tena. Hakikuonekana kitu. Bwana Mbewe alikunywa chai yake mpaka chini, ndipo akanisaidia kukikuza: chumba kilikuwepo, na cha pili juu yake, lakini mashine ilikuwa inahesabu kwa milimita. Nilikuwa nimejenga chumba ambacho hata mchwa angeingia kwa kuinama. Kwenye meza ya kuchorea, Uvira, ulianza kwa kuamua utapunguza nyumba mara ngapi ili iingie kwenye karatasi. Kwenye kompyuta unachora nyumba ukubwa wake wa kweli, ukuta wa mita nne unaandikwa elfu nne, na kupunguza kunangoja wakati wa kuchapa. Nyie mtakosea hapo kama nilivyokosea. Kunyweni chai.

Baada ya hapo mambo yakawa mepesi, nasema bila aibu, kwa sababu nyumba nilikuwa ninaijua. Anza na ukuta wa nje. Mwamuru mstari ajizalie mwenzake pembeni, kwa unene wa tofali, usichore ukuta mara mbili kwa mkono. Kata mistari inapopishana kwenye pembe. Ndipo utoboe milango, na kila mlango umchoree lile tao linaloonyesha unafungukia wapi. Mlango unaofungukia kwenye kitanda ni ugomvi wa kila asubuhi. Madirisha yawe ya mwisho, baada ya kujiuliza upepo unatoka wapi, na Dzaleka hamhitaji kuuliza sana. Na kila mkimaliza ukuta mmoja, hifadhini. Umeme wa Lilongwe haukusubiri mtu amalize wazo.

Riziki alizaliwa mvua zikiisha, nami nikarudi kazini naye mgongoni. Alilala kwenye boksi la kadibodi lililokuja na ile mashine ya kuchapa, nimelitandika kitenge. Enjenyeri alisema ndiye mfanyakazi pekee wa ofisi asiyedai kitu. Naandika haya msije mkadhani alikuwa mtu mbaya tangu asubuhi.

Sasa tabaka. Hapa msikilize vizuri, maana ndipo kesi yangu ilipo. Kwenye kompyuta mchoro haukai kwenye karatasi moja. Unakaa kwenye matabaka, kama kalka nyingi zilizolaliana: kuta kwenye tabaka lake, milango lake, vyombo vya ndani lake, vipimo lake. Kila tabaka lina rangi, na kila rangi ina kalamu yake kwenye mashine. Ukitaka, unazima tabaka moja. Kioo hakionyeshi tena, mashine haichapi, na mchoro uliobaki unaonekana kamili kabisa, kana kwamba kile kilichozimwa hakikuwahi kuzaliwa.

Ndani ya programu mlikuwa na vyombo vilivyochorwa tayari, unavichukua na kuvibandika chumbani. Kulikuwa na bafu la kulalia, kochi la watu watatu, gari dogo la kuwekwa nje. Kulikuwa na piano. Nilitafuta kinu, hakikuwepo. Nilitafuta mbaula, lile jiko dogo la mkaa, nikatafuta mkeka, beseni, hakuna. Jiko lilikuwepo, lile la umeme la matundu manne, na mbele yake nafasi ya mtu mmoja aliyesimama wima kama askari. Nikamuuliza Bwana Mbewe mtu huyo anasonga vipi nsima, ugali wa huku. Akaniambia nijichoree vyombo vyangu, lakini kwanza nikapime, kwa sababu mchoro wa kukisia ni uongo wenye vipimo.

Jumamosi nikaenda na futi kamba kwa jirani yangu Mama Zaina. Huyu ni mjane aliyetoka Kindu, anakaanga mandazi na kuyauza sokoni Dzaleka, na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wale watakaopewa nyumba za safu ya kwanza. Nilimpima akisonga bugali amekaa chini, miguu imenyooka, sufuria katikati ya nyayo, kiwiko kinapofika nyuma. Nilipima kinu, na mchi unapoinuliwa, na mahali pa kusimama mtu wa pili, kwa sababu mnajua hakuna mwanamke anayetwanga peke yake akiwa na jirani. Mama Zaina alivumilia mpaka nikazungusha kamba nyuma yake.

“Sasa na matako yangu utatia mu kompyuta?”

“Na yenyewe inakaa mu jiko, mama.”

“Basi andika kubwa,” akasema. “Batajenga kadogo.”

Ndivyo nilivyochora jiko. Lilikaa nyuma ya nyumba, limeunganishwa kwa kijia chenye paa, mlango umeupa upepo kisogo, tundu la moshi juu. Ndani palikuwa na nafasi ya mama aliyekaa, nafasi ya kinu, na mlangoni kizingiti cha matofali kinachofika goti la mtu mzima. Mtu mzima anavuka. Mtoto anayetambaa anagota hapo na kukaa akilia, na hilo ndilo nililolitaka. Nikaliweka jiko lote kwenye tabaka lake, nikaliita MAMA, nikalipa rangi ya kijani kwa sababu kalamu ya kijani ilikuwa haitumiwi na ilikuwa na wino mwingi. Bwana Mbewe alilitazama muda mrefu, kisha akaongeza kitu kimoja, kigogo cha kukalia mgeni. Alisema Malawi hata jikoni kuna mgeni.

Kazi ya safu ya kwanza ilipokwenda kuchapwa mimi nilikuwa Dzaleka, Riziki ana homa. Niliporudi karatasi zilikuwa zimeshapelekwa kwa msimamizi wa mafundi. Sikuuliza. Kwenye kioo changu jiko lilikuwepo, la kijani, linang'aa.

Matofali yakapanda, mabati yakapigwa, watu wakahamia. Ijumaa moja nimeteremka tu kwenye matola, kifurushi kichwani na Riziki mgongoni, Mama Zaina akanikamata mkono njiani, akaniita kwa jina alilonipa kwa ajili ya michoro yangu.

“Mama Plan. Njoo unionyeshe jiko yangu. Nimezunguka nyumba sijaiona. Ao bajane habakulaka bugali?”

Niliposema lazima liko nyuma, alinisukuma mbele yake kama mtu anayepeleka mwizi. Nyuma ya nyumba palikuwa na ukuta na udongo. Basi. Mnajua desturi yetu kambini, kila mama hujishikizia kibanda cha nyasi nyuma akapikia huko, na mafundi walidhani ndivyo itakavyokuwa. Lakini safu hii mpya shirika lilikuwa limepiga marufuku nyasi, kwa kuogopa moto. Kwa hiyo nyuma hakuruhusiwi, ndani hakuna. Mama Zaina alikuwa anakaangia mandazi koridoni, katikati ya chumba cha mbele na cha kulala, mbaula chini, karai la mafuta juu yake. Shemeji zake wakija kumsalimu, wanakaa mbele na moshi, na yeye anapita kati yao na mafuta ya moto akisema hodi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Nikamwita msimamizi wa mafundi, akaleta karatasi yake, mtu wa adabu, hakuwa na kosa. Alijenga kilichochapwa. Kuta zipo, milango ipo, vipimo vipo, na kwenye kisanduku cha pembeni, mahali pa mchoraji, herufi za jina langu. Jiko hakuna. Nikainua karatasi kwenye jua kama Papa Anselmi. Sikuona palipokwanguliwa. Ilikuwa safi kama yai: tabaka la MAMA lilikuwa limezimwa kabla ya kuchapa.

Nilikuwa bado nimeinua mikono niliposikia Riziki. Nilikuwa nimemweka chini mlangoni ili nisome karatasi. Alitambaa koridoni, hakuna kizingiti, akaweka kiganja kwenye mbaula.

Mama Zaina alimfikia kabla yangu. Alimmiminia maji, akamkimbiza zahanati kanga ikimwanguka, mimi nyuma yake. Mkono umepona, vidole vinakunja vyote, namshukuru Mungu na yule muuguzi. Lakini ngozi ya kiganja iling'aa na kujikunja, na itabaki hivyo.

Jumatatu niliingia ofisini na Riziki amefungwa bandeji. Siku hiyo wageni wa shirika walikuwa wanakuja kuona safu ya pili ikichapwa, kabla msingi haujachimbwa. Nilimkuta Enjenyeri peke yake, anafunga tai. Nikamwambia niliyoyaona, nikamwonyesha mkono, nikamwambia leo tabaka la MAMA liwashwe. Ule mkono ulimgusa, sitasema haukumgusa. Alimshika mtoto kichwani. Lakini akasema ndiyo, alilizima yeye, na jiko litakuja awamu ya pili ya mradi, watakapoona nyumba zilivyo nzuri. Nikamuuliza mpaka awamu hiyo wapikie wapi. Alikuwa na haraka, na tai ilikuwa inamkataa.

“Bamama batapika fasi yoyote,” akasema. “Kule mu pori tulikopita, balikuwa banapikia wapi?”

Mimi nilipita pori hilo. Nilipikia juu ya mawe matatu, mvua ikinyesha, na nilijiambia nikifika mahali penye amani sitapika hivyo tena, wala mwenzangu. Ndiyo maana nilichora. Wageni walikuwa wanapanda ngazi. Niliketi, nikawasha tabaka la MAMA, na nikaiendea mashine. Kalamu mmeshaziona.

Basi wageni walisimama mbele ya karatasi yenye majiko matupu. Mwanamke mmoja kati yao aliuliza kwa upole kama mashine imeharibika. Enjenyeri akasema ndiyo. Bwana Mbewe, kutoka mezani kwake, bila kuinua kichwa, akasema mashine ni nzima. Yule mwanamke akauliza sasa haya ni nini. Hapo niliwaambia kwa Kiingereza changu cha kuokoteza kwamba haya ni majiko, na nyumba za safu ya kwanza ziko Dzaleka, zilijengwa zikayaacha. Mmoja akaandika kitu. Mwingine akatazama saa. Wakaenda kunywa chai. Msitegemee kwamba ukweli ukichapwa watu wataanguka chini. Walienda kunywa chai.

Enjenyeri alinivuta nje koridoni. Nilidhani atafoka. Sauti yake ilikuwa ya chini.

“Umenipatisha haya mbele ya bantu.”

“Jiko njo haya?”

“Moshi njo haya,” akasema. “Mama yangu alipofuka na moshi. Nilitoka mu ile nyumba nikaapa sitachora moshi. Bale bageni bakiona kinu na mbaula, batasema bale beko bantu ba pori, tubapatie hema. Mi nataka baone nyumba ya mutu.”

Nilimwamini. Bado namwamini. Nikamwambia, “Enjenyeri, ukificha jiko, moshi inaingia mu kitanda. Mama yako angekuwa na tundu ya juu angeona mupaka leo.” Akafunga macho. Halafu akaniambia nichukue boksi la mtoto na niende.

Nilirudi ndani kuchukua boksi. Bwana Mbewe alininyooshea mkono, nikafungua pembe ya kitenge, nikamrudishia kalamu. Alizikagua moja moja, akazifunika vifuniko nilivyokuwa nimesahau. “Kasirika, amayi,” akasema, “lakini kalamu zifunike. Zinakauka.” Hili ndilo neno la ufundi ninalowaachia kuliko yote. Kisha akazirudisha kwenye mashine, akachapa karatasi moja ya safu ya pili na matabaka yote, akaikunja, akaiweka ndani ya boksi chini ya Riziki. Akaniambia maneno ya koridoni hayana nakala, niandike.

Dzaleka habari ilifika kabla yangu. Wakubwa wa jumuiya yetu walikuja nyumbani, wakakaa, wakanisihi nisimpeleke ndugu yetu kwa wazungu, tuyamalize wenyewe. Wengine walisema Enjenyeri akiondolewa atakuja mtu asiyejua hata Kiswahili. Nikawaambia simpeleki ndugu, napeleka jiko. Na kama wanaweza kulijenga wao kabla ya mvua, nitachana karatasi mbele yao. Mama Zaina, aliyekuwa mlangoni na sinia la mandazi, akasema, “Basi mukule. Ilipikwa koridoni, lakini mukule.” Wakala.

Niliandika barua kwa Kifaransa, Bwana Mbewe akaitia Kiingereza, na mimi mwenyewe nikaipeleka ofisi ya shirika, City Centre, na kusimama pale mpaka ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Kwa Kiswahili inasema hivi:

Kwa Mkuu wa Ofisi ya shirika, Lilongwe.

Kuhusu: majiko yaliyoondolewa kwenye nyumba za wajane, Dzaleka.

Mimi ndiye mchoraji wa nyumba hizi. Ninaleta malalamiko kwa maandishi kwa sababu kwa mdomo nimeshasema.

Nyumba za safu ya kwanza zilichorwa na jiko na zimejengwa bila jiko. Jiko halikusahauliwa. Lilizimwa kwenye kompyuta na Enjenyeri Kashindi kabla ya kuchapa, mimi sikuulizwa, na karatasi ikatoka na herufi za jina langu. Yeye hakatai. Sababu zake mumuulize mwenyewe, mumsikilize vizuri, maana si sababu za mtu mbaya. Lakini hazipikiki.

Ofisi yenu imekataza vibanda vya nyasi kwenye safu hiyo. Kwa hiyo mwanamke anayeishi pale hana jiko, na hana ruhusa ya kujijengea. Anapikia koridoni, mahali watoto wanapopita. Mtoto wangu ameungua kiganja hapo. Sitaki fidia. Nataka kizingiti.

Naomba msingi wa safu ya pili uchimbwe pamoja na jiko, kwa kuwa bado haujachimbwa. Naomba safu ya kwanza iongezewe jiko kabla ya mvua, kwa sababu mvua ikianza watafunga mlango wakiwa ndani na moto. Naomba tena kusiwe na tabaka litakalozimwa kabla ya kuchapa bila mchoraji kujua.

Kama haya hayawezekani, basi herufi za jina langu ziondolewe kwenye karatasi zote, na ziondolewe kwa wembe, ili atakayeinua karatasi kwenye mwanga aone kwamba palikuwa na mtu.

Kurudishwa kazini siombi.

Nimeambatanisha mchoro wa safu ya pili uliochapwa kwa kalamu zote. Tabaka la MAMA limewashwa.